Vibisi wa Mjomba Kornelio

Kazi ya mjomba wangu Kornelio ilikuwa kufukuza ndege, na mimi sijaona mtu aliyewapenda ndege kama yeye.

Bwawa alilokuwa akililinda liko chini ya soko la Lushoto, ukishuka kama unaenda kwenye bustani za kabichi. Kijiji chetu cha ujamaa kilijenga tuta lake mwaka 1974. Nilikuwa darasa la tano, na sisi wanafunzi ndio tuliobebeshwa mawe. Mwanzoni maji yalikuwa ya kumwagilia tu. Halafu Bwana Samaki, yaani afisa wa uvuvi, akaja kutoka wilayani na mapipa mawili ya perege wadogo kama kucha ya kidole gumba, akawamwaga, akasema tungoje miaka miwili, tutavua siku ya Saba Saba. Watu walishangilia sana. Huku kwetu milimani samaki tuliyemzoea ni yule mkavu anayepanda na lori kutoka Mombo, ambaye unamsikia harufu kabla lori halijasimama.

Hata wiki tatu hazijaisha, ndege walishapata habari. Sijui nani huwaambia. Mwenyekiti wetu, Mzee Ramadhani, akaitisha mkutano.

"Kule Mombo kwenye mpunga watu wanakaa juu dunguni wanaamia ndege wasile," alisema. "Basi hawa samaki ndio mpunga wetu. Nani atakaa?"

Kila mwenye nguvu alikuwa anatakiwa shambani. Ndipo Mwajuma, mama mmoja mkulima wa karoti ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema kwa sauti, "Si yupo yule mgoshi wa kwa Mama Secilia? Mguu umekufa lakini mikono ya kupigia debe anayo."

Watu walicheka. Secilia ni mimi, na mama yangu aliinamisha kichwa, kwa sababu mwanaume huyo, mgoshi kwa Kisambaa chetu, alikuwa kaka yake.

Mjomba Kornelio alikuwa mkata miti kule Shume. Mke wake, Klara, alifia hukohuko kwa uzazi, yeye na mtoto, siku ambayo lori la kuwashusha hospitali lilikwama kwenye tope tangu asubuhi hadi jua linazama. Miaka miwili baadaye gogo la msonobari liliteleza likamponda goti la kushoto. Mguu ulipona, lakini haukukunja tena. Mama akaenda kumchukua. Mwaka mzima alikaa nyuma ya nyumba yetu akimenya viazi, mwanaume wa miaka arobaini, na kila asubuhi kijijini majina yakisomwa, huyu palizi, huyu mfereji, huyu samadi, jina lake halikuwamo. Kaka yao mkubwa wa Gare alimpelekea salamu: njoo ukae kwangu, chakula hakitakosekana. Mjomba alisema akienda Gare kukaa tu, ale, alale, ni afadhali lile gogo lingempiga kichwani.

Kwa hiyo walipompa dungu, alinyoa ndevu. Nakumbuka vizuri, maana alijikata kidevuni, akashuka bwawani na kikaratasi cha gazeti kimeganda na damu, anachechemea haraka kama aliyechelewa harusi. Jina lake lilianza kusomwa asubuhi: Kornelio, bwawa. Akapewa na kibanda cha kulala kando ya tuta. Alikuwa na debe, rungu la kulipigia na kombeo.

Mimi nilikuwa napita pale kila siku nikitoka shule. Mama alinituma nimpelekee makande, lakini hata asiponituma nilipita. Mwanzoni alipiga debe kwa kila kitu chenye mbawa, hata kwa njiwa. Baadaye nikaona anapiga kidogo, anatazama sana. Kidevu kaegemeza kwenye rungu, macho majini.

"Huwezi kumfukuza usiyemjua, mpwa wangu," aliniambia. "Njiwa ana kosa gani? Lazima nijue mla samaki ni nani."

Akawajua. Kulasitara, yule mrefu wa kijivu, alimwita Karani, kwa jinsi anavyotembea shingo imepinda kama mtu aliyeangusha kalamu. Mnandi akitoka majini hupanda kwenye kisiki akatandaza mbawa zikauke. Huyo alimwita Mwinjilisti. Mdiria mdogo wa bluu hakumpa jina. Alisema anapita upesi mno, hakuna nafasi ya kumbatiza. Alijua Karani anakuja saa ngapi na anatua wapi, na alijua kwamba mdiria kabla ya kumeza samaki humpigapiga kwanza kwenye tawi. Alinieleza mambo hayo huku debe liko mkononi, na akimaliza kueleza analipiga, ndege wanaondoka, na uso wake unakuwa kama wa mtu aliyewafungulia wageni mlango watoke kabla chai haijachemka.

Siku za Jumapili watu waliotoka misa na waliotoka sokoni walianza kusimama pale kwenye tuta. Mjomba anawaonyesha: tazama yule, ngoja, ngoja, sasa! Mwajuma naye hakosi.

"Mgoshi, utaoa ndege wewe!"

"Nikioa, wewe utapika nini, karoti?"

"Nitapika mahari yako, mayai ya bata!"

Watu wanacheka, mjomba naye anacheka. Mama aliniambia tangu Shume hajamsikia akicheka hivyo.

Vibisi walikuja mwishoni mwa mwaka 1975, wawili. Kibisi ni mdogo, kama bata aliyesahauliwa mkia, kahawia, shingo ina wekundu kidogo. Debe likilia wenzake wanaruka. Yeye anazama. Anapotea kabisa, unahesabu hadi ishirini, anaibuka kule pembeni kwenye matete, anakutazama kama anakuuliza, umemaliza? Mjomba alipiga siku ya kwanza mpaka mkono ukamuuma. Siku ya pili akapiga kidogo. Siku ya tatu nilimkuta ameliweka debe chini.

"Huyu hali samaki," alisema. "Nimemtazama. Anakula wadudu wa majini na viluwiluwi vya vyura."

Na kibisi anacheka. Kweli, ana kicheko chembamba cha mfululizo, kinapanda, kinapanda, halafu kinakatika ghafla. Mara ya kwanza mjomba kukisikia aligeuka akatazama nyuma yake.

"Klara alikuwa hivyohivyo," aliniambia baada ya muda. "Mtu akijikwaa tu, yeye hoi."

Ilikuwa mara moja hiyo tu kumsikia akilitaja jina lile.

Mwanzoni mwa 1976, mvua ya vuli ilipokwisha, mjomba aliniita nipande dunguni nitazame kwenye matete. Sikuona kitu, takataka tu, furushi la majani yaliyooza linaelea. "Endelea kutazama," akasema. Lile furushi likatikisika, kibisi akapanda juu yake, akaanza kuyaondoa majani moja moja kwa mdomo, na chini yake palikuwa na mayai. Manne. Alipotaka kuondoka aliyafunika tena, haraka haraka, kama mama anayefunika chungu amesikia hodi. Mjomba alinikataza kumwambia mtu, na sikumwambia. Walioanguliwa mara ya kwanza walikuwa wawili. Mama yao aliwabeba mgongoni, vichwa vimechomoza katikati ya manyoya, na mjomba alinieleza habari hiyo mara tatu siku moja, kila mara kama mpya. Watoto wale walipokua wakaondoka, wazazi wakataga tena palepale, manne mengine. Hapo ilikuwa Juni.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo Mzee Ramadhani alishuka bwawani na fimbo yake. Nilikuwepo.

"Shikamoo, Mwenyekiti," tulisema.

"Marahaba. Kornelio, yule pale ni nani?"

"Kibisi, mzee."

"Anakula nini?"

"Wadudu, mzee. Na viluwiluwi."

Kibisi akazama. Tulingoja wote watatu. Alipoibuka alikuwa na perege mdomoni, anameta, anapigapiga mkia. Kibisi akamgeuza, akamweka kichwa mbele, akammeza. Koo likavimba, likashuka.

"Haya," alisema Mzee Ramadhani, "na yule ni mdudu gani?"

Mjomba alikuwa bado analitazama lile koo. Nadhani ndiyo kwanza na yeye alikuwa anaona.

"Mzee, nimemtazama huyu ndege miezi mingi…"

"Naamini. Hilo ndilo lililoharibu. Sisi tulikuweka ufukuze, wewe ukakaa kutazama."

"Nitazidisha debe."

"Debe! Si anazama? Hata mimi namwona anazama." Mzee Ramadhani alichomeka fimbo yake kwenye tuta. Si mtu mkali. Mwaka ule mama alipougua, mkewe ndiye aliyetupikia. "Wana kiota?"

Nilimtazama mjomba. Angeweza kusema hapana. Mwenyekiti angeyakodolea macho yale matete mpaka kesho asione kitu.

"Kipo," alisema mjomba.

"Jumamosi nisikikute. Saba Saba ni wiki ijayo, Bwana Samaki anakuja na wageni wa chama. Nikikikuta, Kornelio, nitamtafuta mtu mwingine akae hapo juu, na kibanda kitakuwa chake. Sisemi kwa ubaya. Kijiji kizima kinangoja samaki hao miaka miwili."

Jioni mjomba alikuja kwetu. Mama alimwambia aache, aende zake Gare, kaka bado anamngoja.

"Nikafanye nini?"

"Ukae."

"Nimeshakaa, dada. Najua kukaa kulivyo."

Alhamisi nilipotoka shule nilimkuta ameshavua shati. Mwezi huo wa baridi hapa kwetu ukungu haupandi mpaka mchana, na maji ya bwawa yanauma kama umetiwa wembe. Vijana wawili wa mwenyekiti walikuwa wamesimama kwenye tuta na mawe mikononi. Walimwambia, "Mjomba wewe pumzika, sisi tunamaliza dakika moja." Alikataa. Alishika mti mrefu wa mkaratusi kama mkongojo, akaingia majini, mguu mzima mbele, ule mwingine anauvuta. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani.

Kibisi alikuwa amelalia. Alipomwona hakukimbia mara moja. Alisimama juu ya kiota, akaanza kuvuta majani kufunika mayai, jani hili, jani lile, huku anamtazama mtu anayekuja. Na mjomba akasimama. Palepale, maji kifuani, anatetemeka, alisimama akamngoja amalize kufunika. Vijana wakaguna, "Mbona hasogei?" Kibisi alipozama ndipo mjomba akaenda, akayatoa mayai akayatia kwenye kofia yake, akakisambaratisha kiota kwa mti. Halafu akatoa mundu kiunoni akayafyeka matete yote ya upande ule. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba.

Alipotoka midomo ilikuwa myeupe. Nilimfunika kwa sweta langu la shule, likamfika mabegani tu.

"Alifunika vizuri," alisema.

Mayai yalikuwa na rangi ya chai kwa sababu ya majani yale. Aliniambia, "Weka sikio." Nikaweka. Ndani ya moja palikuwa na sauti. Ndogo, tii, tii, tii.

Hapo akafanya kitu ambacho hakuwa anakifanya: alimwendea mtu kuomba. Mwajuma alikuwa na kuku anayelalia. Mwajuma aliyatazama mayai ndani ya kofia, akamtazama mjomba alivyolowa, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukakosa utani. "Lete," alisema tu.

Matatu hayakuanguliwa. Lile lenye sauti lilianguliwa Ijumaa asubuhi. Kifaranga kilikuwa na mistari usoni kama kimechorwa, na miguu iko nyuma kabisa, hakiwezi kusimama kama vifaranga wengine. Kazi yake ilikuwa moja, kutaka kupanda mgongoni. Kinajivuta, kinajivuta, kinashika manyoya ya kuku, kinapanda. Kuku anajikung'uta. Kinaanguka, kinaanza tena. Mwishoni kuku alikidonoa. Mjomba akakichukua akakiweka begani kwake, chini ya kola, akashinda nacho hivyo, akikitafutia wadudu. Kilikataa kula. Jumamosi nilipokwenda, bega lilikuwa tupu, na sikuuliza.

Vibisi wakubwa walizunguka pale palipokuwa na matete siku mbili tatu. Hawakucheka. Asubuhi ya Jumatatu hawakuwepo.

Saba Saba ilikuwa Jumatano, na manyunyu. Wageni walikaa chini ya turubai, shule yetu iliimba, Mzee Ramadhani alivaa kanzu na koti. Mlango wa bwawa ulifunguliwa, maji yakashuka polepole mpaka yakabaki magotini, vijana wakaingia na wavu. Walipouvuta maji yalichemka kwa samaki. Sijawahi kuona samaki wengi namna ile. Watu wakapiga vigelegele. Halafu wavu ukafika nchi kavu, na vigelegele vikaisha kimoja kimoja.

Hakukuwa na perege hata mmoja aliyezidi kidole changu.

Bwana Samaki alichota konzi, akawageuza kiganjani. "Hawa ni wale wa mwaka sabini na nne?"

"Walewale, na watoto wao," alisema Mwenyekiti.

"Hapa mnapata ndege gani?"

Mzee Ramadhani aliona hapa ndipo pa kuokolea sura ya kijiji. "Ndege? Hapa haguswi samaki hata mmoja! Tuna mlinzi wetu. Kornelio! Njoo uonekane!"

Mjomba alichechemea mbele, amevaa shati lake la misa. Watu wachache wakampigia makofi.

"Ndiyo maana," alisema Bwana Samaki. Hakusema kwa dharau, alikuwa anapangusa mikono. "Perege anazaa kila baada ya mwezi na nusu. Mkiwaacha wote wanabanana, chakula ni kilekile, wanadumaa. Ndege wangewapunguzia hawa wadogo."

"Mbona hukutuambia?" alifoka mtu.

"Nikuambie nini? Kila bwawa lina ndege. Sikujua nyinyi mmeweka mtu wa kuwazuia."

Mjomba alikuwa bado amesimama pale mbele. Akauliza, kwa adabu kabisa, kama mwanafunzi:

"Hata kibisi?"

"Hasa kibisi. Yule ndege, samaki mkubwa hamwezi, anachukua hawa hawa. Mngekuwa na jozi moja ya vibisi ningefurahi sana."

Mjomba alisema, "Ahsante, bwana," akarudi nyuma ya watu.

Samaki tuliwala hivyohivyo, Mwajuma akiwakaanga wazima na mifupa yao, watu wakijichekesha kwamba ni dagaa wa Lushoto. Jioni Mzee Ramadhani alienda mwenyewe kwenye kibanda. Mama alikuwepo na ndiye aliyenisimulia. Alimwambia mjomba hana kosa, kosa ni la wote, kazi yake iko palepale, na kuanzia kesho debe halipigwi tena. "Sasa tazama tu," alimwambia. "Tazama unavyotaka."

Bwawa lilijazwa upya. Mdiria akarudi, Mwinjilisti akarudi kwenye kisiki chake, Karani akarudi na kutafuta kalamu. Mjomba alikaa dunguni bila debe. Watu wa Jumapili walikuja wakauliza, yule anaitwa nani, na yule, naye aliwajibu, lakini jibu fupi. Macho yake yalikuwa pale pembeni alipofyeka. Wiki sita nzima nilimkuta anatazama palepale, panapoonekana maji matupu.

Mwishoni mwa Agosti alienda kwa Mwenyekiti kuaga.

"Unaenda wapi? Si nilikwambia huna kosa?"

"Uliniambia, mzee."

"Mahali hapa si ulipataka mwenyewe?"

"Nilipataka," alisema mjomba. "Nilipataka sana, mzee. Hilo ndilo lililoniingiza majini."

Akaenda Gare, kwa kaka yake, kukaa.

Mwaka huu wa 1977, likizo ya Desemba, nilipanda kumwona. Njiani nilikuwa nimetunga maneno yangu, maana sikutaka nifike mikono mitupu. Nilimkuta kwenye kizingiti, ndevu zimeota na zina mvi, bakuli la makande mbele yake, watoto wa kaka yake wanacheza kando yake. Nilimwamkia. Aliuliza habari za mama, habari za kidato cha kwanza. Nikamjibu, halafu nikasema:

"Mjomba, vibisi wamerudi. Wawili."

Aliuvuta ule mguu usiokunja, akajiweka sawa. Halafu akauliza, "Wamejenga?"

"Ndiyo. Palepale kwenye matete."

"Matete yapi, Secilia?"

Yale aliyoyafyeka hayajaota tena, wala kibisi sijamwona. Watoto waliacha kucheza, wakatutazama. Mjomba alinisogezea bakuli.

"Kula, mwanangu," alisema. "Makande yanapoa."